Mpinzani Rasmi wa Kisiginoni

Iko nchi moja ambayo siitaji jina, kwa sababu sheria yake inataka jina hilo litamkwe mtu akiwa amesimama, na mimi naandika nimekaa. Ni nchi nzuri. Ina Wizara ya Makazi na Mwonekano, na wizara hiyo ndiyo iliyogundua kwamba mtaa wa Kisiginoni, nyuma ya soko kuu la jiji, ulikuwa unaonekana.

Ulionekana kutoka kwenye madirisha ya hoteli mpya. Ulionekana kutoka barabara ya uwanja wa ndege, na siku ya anga safi ulionekana hata kutoka ofisini kwa Waziri. Nyumba zake za mabati ya kutu zilikuwa zimeegemeana kama watu waliochoka kusubiri foleni. Humo waliishi makuli wa soko, mafundi cherehani, wauza samaki na jamaa zao, na hakuna aliyekuwa amewaomba waonekane.

Waziri akaamua kwamba Kisiginoni ibomolewe na pajengwe Maghorofa ya Heshima. Fedha zingetoka kwa Wakopeshaji, watu wapole wa nchi za mbali, ambao walikuwa na sharti moja tu: wakaazi waujadili mradi kwanza.

Wakaazi wakaitwa, wakajadili. Mtu wa mwisho aliyewahi kuuliza swali katika mkutano wa mtaa, swali lenyewe likiwa juu ya mtaro uliokuwa ukifurika, alipelekwa masomoni, na masomo yake hayajaisha mpaka leo. Kwa hiyo kila aliyesimama aliusifu mradi. Walisifu urefu wa majengo, wakasifu saruji, wakasifu hata kivuli kitakachoangukia soko. Mzee mmoja alisifu mpaka akatokwa na machozi, na wizara ikaandika kwamba yalikuwa ya furaha.

Wakopeshaji wakairudisha ripoti. Wakasema huu si mjadala, hizi ni kaswida. Mjadala una pande mbili. Mpinzani yuko wapi?

Dakta Fidelis Mwakitalima, Mkurugenzi wa Ushirikishwaji, alimpigia simu Mwinchande, mwenyekiti wa mtaa.

"Mwenyekiti, nahitaji mpinzani."

"Hatuna, Mheshimiwa. Mtaa wangu ni safi."

"Ndiyo shida yenyewe. Nitafutie mmoja. Awe mkaazi wa kweli, mwenye nyumba yake, watu wanamheshimu. Lakini asiwe na makali."

Mwinchande akafikiri, akamkumbuka Mzee Sadala Mpiri.

*

Sadala alikuwa mshona magodoro ya sufi. Kwa miaka mingi alikuwa ameipumua sufi mpaka sauti yake ikafifia, ikawa kama ya mtu anayezungumza huku amefunikwa mto usoni. Alikuwa mtu wa haki, hajawahi kugombana na yeyote. Mwenyekiti aliona hata akipinga kwa moyo wote, hatasikika zaidi ya mstari wa pili wa viti.

Wakamchukua kwa gari la wizara. Ofisini akapewa soda na kiti kinachozunguka. Dakta Fidelis alikuwa mtu laini wa maneno, aliyesomea ushirikishwaji ng'ambo, akiwa peke yake.

"Mzee wangu," akamwambia, "kupinga ni kazi ya heshima. Nchi zote zilizoendelea zina watu wanaopinga."

"Nikipinga sitapelekwa masomoni?"

"Utapingaje ukiwa masomoni? Wewe una kibali." Akamvika shingoni kitambulisho chenye picha yake na maneno MPINZANI RASMI. "Sasa sikiliza. Milango ya maghorofa itapakwa rangi ya bluu. Wewe utasimama, utasema ungependelea kijani. Sisi tutakujibu. Mwishoni utaridhika na bluu."

Sadala akafanya mazoezi. Alisema kijani mara kadhaa, na Dakta akamrekebisha asiweke mkono kiunoni anaposema. Walipomaliza, Sadala akauliza, "Na sisi wa Kisiginoni mtatuweka ghorofa ya ngapi?"

"Chini ni maduka na maegesho ya magari. Wakaazi wa zamani wataanzia ya kumi kwenda juu. Huko juu mtu haonekani hata akianika nguo."

"Mke wangu hana miguu, Dakta. Anayo, lakini haimbebi."

"Kuna lifti."

"Umeme ukikatika?"

Dakta Fidelis akamtazama kwa huruma. "Mzee Sadala, hilo ni swali. Kazi yako wewe ni kupinga, siyo kuuliza."

*

Mke wa Sadala aliitwa Bi Mgeni. Ugonjwa wa utotoni ulikuwa umeinyausha miguu yake, naye akajifunza kutembea kwa mikono, na kwa safari ndefu alikuwa na kigari cha mbao ambacho mumewe alikitengeneza. Kila siku alikaa barazani mbele ya nyumba yake, friza nyuma ya mgongo, akiuza barafu za ubuyu. Baraza lile ndilo lilikuwa duka lake na sebule yake. Watu walipita wakienda sokoni, wakapita wakirudi, na hakuna harusi wala ugomvi uliotokea Kisiginoni bila kusimuliwa pale. Asubuhi Bi Hadia, mkaanga samaki, shoga yake tangu walipokuwa wasichana, alimletea ndoo ya maji kutoka bombani, akakaa kidogo, wakacheka.

Sadala aliposhuka kwenye gari la wizara na kitambulisho chake, Bi Mgeni alikuwa wa kwanza kumcheka.

"Wewe, Baba Rukia? Wewe ambaye hujapinga hata chumvi ikizidi?" Rukia alikuwa binti yao pekee, aliyefariki akiwa mdogo.

Sadala akakaa, akamweleza habari ya milango, kisha habari ya ghorofa ya kumi. Bi Mgeni akaacha kucheka. Akatazama baraza, akatazama njia.

"Nani atapanda mpaka huko kununua barafu?" akasema. "Mpaka ashuke nayo imekuwa maji." Akafuta friza kwa pindo la kanga. "Na mimi nitamwona nani?"

"Wamesema kuna lifti."

"Wamesema." Akamshika mkono. "Baba Rukia, katika mtaa mzima huu ni wewe peke yako uliyeruhusiwa kusema hapana. Usiipoteze hapana yetu kwenye milango."

Habari zikaenea kwamba yuko mtu mwenye kibali cha kupinga. Tangu siku hiyo watu wakaanza kuleta magodoro. Hayakuwa na tatizo lolote. Mtu aliliweka lake chini, akainama kama anayeonyesha palipochanika, akamnong'oneza Sadala sikioni. Kuli mmoja aitwaye Mtumwa Ndago alinong'ona kwamba mkokoteni wake haupandi ngazi, na ukilala chini utaibwa. Fundi cherehani alinong'ona kwamba wateja wake ni wapita njia, na angani hakuna wapita njia. Walikuwa wakisema mambo haya huku wakitabasamu, kwa sababu mjumbe wa mtaa alikuwa amekaa ng'ambo ya njia akiwatazama.

Bi Hadia hakuleta godoro. Alikaa barazani na kulia waziwazi.

"Mimi nakaanga kwa kuni, shemeji. Nikiwasha moto huko juu watasema nimechoma nyumba ya serikali. Nitakula nini? Sema wewe. Mimi nikisema nitapelekwa masomoni, na wajukuu wangu hawana mwingine. Lakini wewe ukisema, nitanyoosha mkono. Wallahi mbele ya Mgeni huyu, nitanyoosha."

*

Mjadala wa pili ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Yaliwekwa mahema na viti vyenye vitambaa, na bendi ya polisi ikapiga. Wakopeshaji walikaa mbele, shingo nyekundu kwa jua, kila mmoja na chupa ya maji. Mbele ya viti vya wakaazi walisimama vijana wa wizara wenye kamera, zote zikiwa zimeelekezwa kwa wakaazi.

Waziri akahutubia.

"Ndugu wananchi. Binadamu alianza pangoni. Akatoka pangoni akaja kibandani. Leo serikali yenu inamtoa kibandani inampeleka hewani. Kuku hukaa chini, na mwisho wa kuku mnaujua. Tai hukaa juu. Sisi tumeamua muwe tai, na tumeamua bila kuwabagua."

Vigelegele vikapigwa na kikundi kilicholetwa kwa kazi hiyo. Kisha mtangazaji akasema kwamba sasa mradi utapingwa, na akaomba utulivu.

Sadala akasimama. Kipaza sauti kilipandishwa mpaka mwisho, na bado ilibidi uwanja mzima unyamaze ili asikike. Ikawa kimya kiasi kwamba kengele ya mwuza aiskrimu ilisikika kutoka barabarani.

"Mimi ni Sadala Mpiri," akasema. "Nimeambiwa nizungumzie milango. Ningependelea..." Akasimama hapo. Akamtazama mkewe, aliyekuwa mbele kabisa juu ya kigari chake. "Milango siijui. Mnayemwona pale ni mke wangu. Ardhi ndiyo miguu yake. Akikaa barazani anamwona kila mtu na kila mtu anamwona. Mkimpandisha ghorofa ya kumi mtakuwa mmemzika, isipokuwa mmemzika kwa juu. Na si yeye tu. Yupo anayekaanga samaki kwa kuni. Yupo wa mkokoteni. Wamenong'ona masikioni mwangu mpaka yamejaa. Hatukatai nyumba nzuri. Zijengeni chini, tutazipaka rangi wenyewe, hata bluu. Lakini msitutoe. Nawaomba. Hatuna pengine."

Dakta Fidelis alikuwa amebadilika rangi. Alianza kuinuka, kisha akawatazama Wakopeshaji. Walikuwa wakiandika kwa haraka. Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa akifuta macho. Mwingine akamwinamia Waziri, akamwambia kwamba miaka yote ya kazi yake hajapata kuona mjadala hai namna hii. Dakta akaketi tena, akatabasamu, akaanza kupiga makofi, na uwanja mzima ukamfuata.

"Tumesikia upande wa pili," mtangazaji akasema. "Sasa wanaomuunga mkono Mpinzani Rasmi wanyooshe mikono."

Vijana wa wizara wakainua kamera zao.

Bi Mgeni akanyoosha mikono yote miwili. Mtangazaji akaeleza kwamba mke wa mpinzani ana maslahi binafsi, hivyo hahesabiwi. Sadala akageuka kuwatazama watu wake. Mtumwa Ndago alikuwa akifunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa ndala. Bi Hadia alikuwa akiutazama mkono wake uliolala mapajani, kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akitunze. Haukuinuka.

Mradi ukapita. Waziri akamwita Sadala jukwaani, akamkumbatia mbele ya kamera. "Ushindi bila mpinzani," akasema, "ni kama pilau bila nyama. Mzee huyu ndiye nyama yetu."

*

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Sadala hakulitarajia. Mtaa ukamchukia.

"Ungebaki na milango yako," Mtumwa Ndago alimwambia, akiwa amesimama mbele ya nyumba na mkokoteni mtupu. "Wale wageni wangeona ni mchezo, wangefunga mikoba yao wakaenda. Wewe ukasema vizuri. Wakaamini kweli tumejadiliana. Wewe ndiye uliyetubomolea."

Sadala alijua kwamba ilikuwa kweli. Watu walioleta magodoro walikuja kuyachukua bila salamu. Bi Hadia akaacha kuleta maji. Hakuwa na chuki. Alishindwa tu kupita mbele ya baraza lile. Sadala akawa anachota mwenyewe.

Tingatinga zilipofika zilianzia sokoni zikaja mpaka mwisho wa mtaa. Bi Mgeni hakutaka kuondoka barazani, wakambeba na friza lake wakawaweka pamoja juu ya lori. Wakaazi walipelekwa kwenye mahema huko machimbo ya kokoto, nje ya jiji, ambako hakuna barabara wala dirisha la hoteli. Kila mmoja alipewa cheti cha kushirikishwa, chenye mhuri wa dhahabu.

Maghorofa yakajengwa. Nyumba zake ziliuzwa kwa watu wenye sifa, ambao wengi walinunua na hawakuhamia, maana walikuwa na nyumba nyingine. Wakaazi wa zamani waliambiwa zamu yao iko njiani. Familia moja tu ya Kisiginoni ilipewa nyumba, na ilikuwa ya Sadala, kwa sababu Wakopeshaji walikuwa wameuliza mpinzani anaishi wapi.

Ilikuwa ghorofa ya kumi na moja. Lifti ilikuwa imezinduliwa na Waziri kwa kukata utepe. Nyuma ya utepe kulikuwa na shimo.

Sadala akamweka mkewe mgongoni, akapanda. Alipumzika kila ngazi ilipokata kona. Katikati ya safari Bi Mgeni akamwambia, "Nishushe hapahapa tukae, Baba Rukia. Moyo wako nausikia mgongoni." Sadala akasema bado kidogo. Walipofika, akamketisha karibu na dirisha na kumpangia kila kitu mahali pa kufikika. Chini watu walikuwa wadogo kama punje za mtama, na hakuna uso hata mmoja uliotambulika.

Tangu siku hiyo Bi Mgeni hakushuka. Friza lilikaa kona, halikuwashwa. Asubuhi Sadala alishuka kutafuta kibarua na maji, jioni akarudi na ndoo. Bi Mgeni alimuuliza amemwona nani, amesema nini, amevaa nini, na Sadala, ambaye hakuwa msimuliaji, akajitahidi. Siku nyingine alibuni harusi.

*

Siku moja Dakta Fidelis alipanda mwenyewe. Alifika amelowa jasho, akashindwa kusema mpaka alipokunywa maji yao.

"Mzee Sadala, tunajenga Ng'ambo ya Mto. Wakopeshaji wamekutaja kwa jina. Wanasema bila wewe hawasaini."

"Bila mimi hawajengi?"

"Hakuna mpinzani, hakuna mjadala. Hakuna mjadala, hakuna mkopo."

Sadala akamtazama mkewe, na mkewe akamtazama. 

"Basi mimi naunga mkono," Sadala akasema.

"Unaunga mkono nini?"

"Mradi. Naunga mkono serikali. Majengo ni mazuri, saruji ni nzuri. Nitasimama uwanjani niseme hivyo."

Dakta Fidelis akaweka bilauri chini taratibu. "Mzee wangu, usiniharibie kazi. Nina watoto wanasoma. Una nafasi ambayo watu wazima wote wa nchi hii hawana."

"Naunga mkono, Dakta. Kwa moyo wote."

Walimjia kabla ya chakula cha mchana siku ya pili yake, watu wawili wenye adabu. Mashitaka yalikuwa kuunga mkono kwa nia ya kukwamisha. Sadala aliomba ampikie kwanza mke wake, wakamwambia atarudi sasa hivi. Akawa na haraka, akasahau kumwachia simu. Walikuwa na moja, nayo ilikuwa mfukoni mwake. Alipelekwa masomoni. Ng'ambo ya Mto walimpata mpinzani mwingine, kijana mwenye sauti nzuri, na mradi ukapita.

*

Bi Mgeni alisubiri. Alikuwa na unga, na maji ya siku chache ndooni. Alipoona mumewe harudi, alijaribu kushuka kwa makalio, ngazi moja moja, mpaka alipofika mahali ambapo vyuma vya kushikilia havijafungwa na upande mmoja ni shimo tupu. Akaogopa, akajikokota kurudi. Aligonga milango ya bluu ya jirani. Nyumba zilikuwa tupu, na sauti ya kugonga ilimrudia.

Akafungua dirisha, akatoa mkono, akaita. Akaita siku hiyo na siku iliyofuata. Huko chini, wakati huo, Wakopeshaji walikuwa wameletwa kukagua kazi yao. Yule mama wa makamo akainua macho, akaona juu kabisa mkono mweusi mwembamba ukipunga.

"Tazameni," akasema. "Wanatusalimia."

Wote wakapunga. Picha ikapigwa, na kesho yake ilitoka ukurasa wa mbele wa gazeti la serikali, na chini yake maneno: MKAAZI MWENYE FURAHA. Mimi nimeiona. Ni picha iliyopigwa vizuri.

Gazeti hilo, kama magazeti yote ya nchi ile, lilifika kwenye mahema ya machimboni likiwa la kufungia vitu. Bi Hadia alikuwa akilichana afungie samaki alipoiona picha ile, akasita. Alimjua Mgeni tangu utotoni. Alijua kwamba Mgeni akimsalimu mtu huinua kidevu. Mikono yake ina kazi nyingine. Akamwachia jirani sufuria na wajukuu, akaenda mjini, sehemu kwa lori la kokoto, sehemu kwa miguu.

Mlinzi wa Maghorofa ya Heshima alimuuliza anakwenda kwa nani. "Kwa mgonjwa wangu," akasema, akapita. Alikuwa mwanamke wa umri, mwenye pumu ya moshi wa kuni, na alipofika juu alikuwa anatambaa karibu kama shoga yake.

Bi Mgeni alikuwa amelala chini ya dirisha, midomo imekauka. Bi Hadia alimpa maji kwa kijiko. Alipopata sauti, Bi Mgeni akauliza, "Baba Rukia yuko wapi?"

"Sijui, Mgeni. Hakuna anayejua."

Akampa kijiko kingine cha maji. Kisha Bi Hadia akaanza, "Siku ile, uwanjani. Mkono wangu..."

"Najua."

"Niliuambia uinuke."

"Hadia, nitakusikiliza, lakini si hapa. Nipe mgongo wako."

Bi Hadia akachuchumaa. Bi Mgeni akamkumbatia shingoni, wakaanza kushuka, huku Bi Hadia akiegemea ukuta upande usio na shimo. Walipumzika mara nyingi. Hawakuzungumza juu ya wanakokwenda, kwa kuwa hema la Bi Hadia lilikuwa limejaa, na Kisiginoni ilikuwa chini ya zege walilokuwa wakilikanyaga.

Walipofika chini mlinzi aliacha kiti chake, akamsaidia Bi Hadia kumketisha mzigo wake juu ya ukingo wa bustani ya maua. Aliwatazama kwa muda, halafu akauliza kwa aibu kama nyumba ile ya juu inabaki wazi. Alikuwa na mke na watoto, akasema, na wamepanga mbali sana.

Bi Mgeni akafungua pindo la kanga yake, akampa ufunguo. Akamwambia bomba la jikoni halitoi maji, asihangaike kulifungua.